Nyota za wageni si dhamana ya benki

Soko la vyumba mjini Sumbawanga hufuata mahindi. Mavuno yanapoanza kutoka mashambani, wanunuzi hupanda Ufipa, malori hupanga foleni, maofisa huzunguka Laela, Matai na Namanyere, na gesti zenye jina zuri hujaa kabla ya magharibi. Mvua zikikolea, vyumba vile vile hulala vitupu. Kila mwenye gesti anaijua kalenda hiyo, na mabenki yanaijua.

Bidhaa changa katika soko hili ni nyumba yenye samani, vyumba viwili au vitatu na jiko, inayopangishwa kwa usiku mmoja mmoja kupitia Airbnb au Booking.com. Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar wamekwisha kuizoea. Kwa Sumbawanga bado ni jambo la kujaribu. Hivyo mwekezaji mdogo anayetaka kukopa ili akarabati nyumba ya urithi aelewe kwanza kwamba kinachopanga bei ya nyumba hiyo mtandaoni si makochi wala luninga, bali ni nyota zinazotolewa na wageni. Nyota hizo zina faida, lakini si mali yake.

Faida ipo, tena imepimwa. Mwaka 2011 Michael Luca wa Harvard Business School alichapisha utafiti kuhusu migahawa ya Seattle, Marekani. Aliona kuwa ongezeko la nyota moja katika mtandao wa Yelp liliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9. Jambo la kuvutia zaidi ni kwamba ongezeko hilo lilikwenda kwa migahawa ya watu binafsi, ilhali ile ya makampuni yenye matawi mengi haikuguswa. Jina kubwa hujiuza lenyewe, na asiye na jina huuzwa na maneno ya waliomtangulia. Mgeni anayetoka Lusaka au Nairobi kwenda kuona maporomoko ya Kalambo hamjui mtu Sumbawanga. Pengine alichokwisha kusikia ni zile hadithi za uchawi tu, ingawa jina la mji huelezwa kwa Kifipa kuwa na maana ya kuutupa uchawi huo. (Mji wetu ulikwisha kupewa nyota zamani, na watu ambao hawajafika hata Tunduma.)

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndipo penye hasara. Nyota hizi hazisomwi kama alama za shule. Watafiti Zervas, Proserpio na Byers walionyesha mwaka 2015 kwamba takriban asilimia 95 ya nyumba za Airbnb walizochunguza zilikuwa na wastani wa nyota 4.5 hadi 5. Kwa maana hiyo, 4.2 ambayo mwalimu angeiandikia "vizuri sana", sokoni iko mkiani. Cheo cha Superhost, ambacho wageni wengi hukitazama kabla ya kulipa, kinadai wastani wa 4.8 na hukaguliwa kila baada ya miezi mitatu.

Chukua nyumba iliyopokea wageni wanne, wote wakatoa nyota 5. Wa tano anafika Julai, baridi ya Ufipa imekaza, anafungua bomba na maji ya moto hayatoki. Anatoa nyota 1. Wastani unashuka hadi 4.2. Ili urudi 4.8 wanahitajika wageni 15 wapya, mfululizo, kila mmoja atoe nyota 5 kamili. Nyumba ya Zanzibar yenye maoni 100 ya nyota 5, ikipata mgeni huyo huyo mwenye hasira, inabaki na 4.96 na mwenye nyumba halali njaa. Kwake wageni 15 ni kazi ya msimu mmoja. Sumbawanga wanaweza kuchukua miaka miwili, na riba ya benki haiwasubiri.

Ndiyo maana siafikiani na wanaosema kuwa nyota ni mizani ya haki kwa kila mtu. Mizani ni moja, lakini penye wateja wachache jiwe moja linaipindua.

Aidha, wateja wetu wa kweli hawaandiki. Mfanyabiashara wa mahindi akiridhika hurudi mwakani na mwenzake. Asiporidhika huhamia gesti ya pili bila neno. Nyota zake humpa dereva wa bajaji na mpiga debe wa stendi, nao huzisambaza siku hiyo hiyo bila ada. Hata daftari la gesti humwuliza mgeni jina lake, kabila, atokako na aendako, lakini halijawahi kumwuliza godoro lilikuwaje. Matokeo yake ni kwamba anayeandika ni mgeni wa mbali, tena mara nyingi yule aliyeudhika. Mwenye nyumba aombe maoni kwa adabu asubuhi ya kuondoka. Asiyanunue kwa punguzo la bei, maana mitandao inakataza na nyumba inaweza kuondolewa. Wala asiogope kuandika ukweli kuhusu mgeni aliyeharibu vitu. Tangu mwaka 2014 Airbnb haifungui maoni ya upande wowote mpaka pande zote mbili ziwe zimeandika, au siku 14 ziwe zimepita, kwa hiyo nafasi ya kulipiziana ni ndogo.

Kuna mambo ambayo mwenye nyumba huadhibiwa nayo bila kuyamiliki. Umbali ni mojawapo: zaidi ya kilomita 200 kutoka Tunduma, na mgeni aliyechoka hutoa nyota kwa uchovu wake. Umeme ni la pili. Kwa miaka mingi Sumbawanga imepata umeme kutoka Zambia, na mwaka 2024 ukame uliposhusha maji ya Kariba, Zambia yenyewe iliingia katika mgawo mkali. Hakuna mwenye nyumba wa mtaani anayeweza kuamuru Kariba ijae.

Anachoweza kuamuru ni maelezo ya nyumba yake. Mgeni wa Airbnb huulizwa pia kama alichokuta ni kile alichoahidiwa. Basi aandikiwe wazi kabla hajalipa: Juni na Julai ni baridi kali na mablanketi yapo, umeme ukikatika maji ya moto yataletwa kwa ndoo, na Kalambo ni safari ya siku nzima, si matembezi ya jioni. Aliyekwisha kuambiwa habari ya ndoo huifurahia ndoo.

Kuhusu mkopo, marejesho yapigiwe hesabu kwa bei ya gesti ya kawaida, kwa miezi ya mahindi peke yake, mapato ya mtandao yakihesabiwa kuwa ziada. Hesabu isipotimia hivyo, usikope. Ikitimia, fedha ya luninga kubwa inunue kwanza tangi la maji, mtungi wa gesi na mablanketi mazito, tena kabla ya Juni.