Penzi la Wanyonge Si Pambo

Wako wahakiki wanaoisoma Afterlives (2020), riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, kana kwamba ni daftari la vita vya Wajerumani na Waingereza katika Afrika Mashariki. Wakifika kwenye mapenzi ya Hamza na Afiya huyapita mbio, wakiyahesabu kuwa pambo la kumliwaza msomaji. Usomaji huo ni wa juujuu.

Hamza anarudi katika mji mdogo wa pwani, hana mali wala jamaa, anachechemea kwa jeraha la upanga wa Mjerumani aliyekuwa mkuu wake jeshini. Afiya ni yatima aliyevunjwa mkono na mlezi wake kwa kosa la kujua kuandika. Wote wawili wana haya na hofu ya kukataliwa. Hatimaye Hamza anamwandikia ubeti wa Schiller, mshairi wa Kijerumani, alioutafsiri kwa Kiswahili.

Hapo ndipo penye uzito wa kitabu. Lugha aliyoipata jeshini, katika utumwa na matusi, Hamza anaigeuza waraka wa mapenzi. Na yule aliyeumizwa kwa sababu ya maandishi anapokea maandishi ya kumwenzi.

Basi mhakiki anayedhani kuwa historia ni mizinga tu, na mshairi wa mwambao anayedhani kuwa mapenzi hayanogi bila majigambo, wairudie riwaya hii. Waliovunjwa na vita wakithubutu kupendana, hiyo ndiyo hoja kubwa dhidi ya waliowavunja.