MSAMARIA ALILIPA BILI (Sehemu ya 4)

  Tuendelee.

Leo nasema bila kuzunguka: huruma yetu Wakristo kwa wagonjwa maskini mara nyingi inaishia wodini. Jumapili baada ya ibada tunakuja kundi zima, sabuni na biskuti mkononi. Tunaimba, tunaomba, tunapiga picha, tunaondoka. Jumatatu yule mama wa kitanda cha mwisho karuhusiwa, ila haendi popote. Bili haijaisha na nauli hana.

Sisemi msije. Njooni! Mtu ambaye ndugu zake wako mbali akitembelewa hata chakula kinapita. Ila fungueni tena Luka 10, habari ya Msamaria Mwema. Wengi tunakumbuka mafuta, divai na kufunga majeraha. Yaani tunakumbuka kazi ya nesi. Tunasahau kilichofuata: alimpeleka nyumba ya wageni, akalala naye pale, kesho yake akatoa dinari 2, na akaahidi kwamba gharama ikizidi atalipa akirudi.

Dinari 1 ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Kwa hiyo Msamaria alitoa kazi ya siku 2, akabeba na deni. Siyo utajiri huo jamani. Ni kiasi ambacho wengi wetu tunakiweza, hasa tukichangishana.

Wengine huuliza, "Hospitali ya kanisa inatozaje pesa?" Ndugu, hospitali ndiyo ile nyumba ya wageni. Dawa zinanunuliwa, glovu zinanunuliwa, jenereta linakula dizeli. Hospitali ya Wasso ilianzishwa miaka ya 1960 na Padre Herbert Watschinger kutoka Austria, ambaye alikuwa padre na daktari kwa pamoja. Sala na sindano vilikaa kwa mtu mmoja. Hata yeye asingetibu bila watu kuchanga.

Hoja nyingine naisikia sana huku kwetu: "Hawa Wamasai wana ng'ombe, wauze." Ukame wa 2021 na 2022 ulimaliza mifugo ya watu wengi Ngorongoro, tuliona mizoga kwa macho. Na hata kama ng'ombe wapo, mama aliyejifungua kwa upasuaji usiku hana mamlaka ya kuuza hata ndama. Mume yuko mbali na mifugo, anatafuta malisho. Mwambie mama huyo "uza ng'ombe", utakuwa umesema nini?

Sera inasema watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wasio na uwezo watibiwe bure kwenye hospitali za serikali. Vizuri. Lakini msamaha haulipi nauli ya kurudi kijijini, wala haumlishi bibi anayemuuguza mtoto. Na rufaa ya Arusha je? Hapo ndo familia nyingi hukata tamaa na kumrudisha mgonjwa boma.

Basi tufanye nini?

Moja, kabla ya kuja wodini, kikundi kipite kwa afisa ustawi wa jamii, kiulize nani amekwama na kwa kiasi gani. Lipeni dirishani, mchukue risiti. Msimpe nesi pesa mkononi, hata mimi.

Mbili, bima. CHF iliyoboreshwa ilipoanza, kaya ya watu 6 ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Viwango vinabadilika, hasa sasa tukiwa na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, ila hesabu ni ileile: kwa kiwango hicho jumuiya ya kaya 15 ikitoa 2,000 kila moja, mjane mmoja na wanawe wameshapona hofu ya mwaka mzima.

Tatu, picha acheni. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia. Sasa mbona simu inajua? Mgonjwa amelala, kanga imemtoka, kesho yuko kwenye magrupu yote ya kata. Umaskini haumwondolei mtu aibu yake.

Siku ya mwisho tutaulizwa kama tulimtazama mgonjwa. Kwa lugha ya wodini, kumtazama mgonjwa ni kumfuatilia mpaka afike kwake.

Sehemu ya 5 nitaongelea ndugu wanaouguza na wanaolala nje. Jumuiya yenu inafanyaje? Andikeni hapo chini tujifunze.