Rupia ya bibi haiuzwi kwa gramu

Kimya kingi, nisameheni, ni mambo ya testi. Nimerudi chuo juzi kutoka nyumbani Ngombezi, na kuna jambo linanikera, naomba nilitoe.

Bibi yangu ana sarafu moja ya fedha kwenye kibweta chake. Rupia ya Mjerumani, mwaka 1910. Upande mmoja yupo Kaiser Wilhelm wa Pili na kofia yake ya chuma yenye tai. Baba yake bibi aliipata kwenye kazi ya mkonge. Sasa kapita jamaa mmoja mwenye mizani ndogo, ananunua fedha kuukuu akayeyushe. Bibi anajua sina hela ya fildi, akaniambia, "Mjukuu wangu, tuiuze umalize shule."

Jamani, nilinyamaza kabisa.

Kwenye mizani ni gramu 11 na kitu tu. Lakini hebu fikirieni. Kodi ya kibanda ilipoanza 1898, wanavijiji wengi walitakiwa rupia 3 kwa mwaka. Huna? Nenda shamba la mzungu ukazitafute. Yaani rupia ndiyo iliyowatoa wazee wetu majumbani kwao, tena kwenye kipande cha siku 30.

Na hiyo "hela" tunayoililia kila boom likichelewa? Ni heller ya Mjerumani hiyo, iliyoanza 1904, heller 100 kwa rupia moja. Kabla ya hapo rupia ilikuwa pesa 64. Mjerumani kaondoka, Mwingereza kafuta rupia, shilingi ikaingia miaka ya 1920, ila neno limebaki midomoni mwetu mpaka leo!

Najua mtaniambia historia hailiwi. Hata bibi kaniuliza, "Ada utalipa kwa hadithi?" Simlaumu anayeuza, shida haina adabu. Ninachosema, usikubali bei ya gramu. Na kabla ya yote piga picha, andika nani aliipata na kwa kazi gani. Ikishayeyuka, hata uwe na milioni hairudi.

Mimi nimemwomba bibi aifunge tena kwenye kitambaa chake. Kakubali, ila kaguna. Hela ya fildi bado sina, naendelea kuchapa watu kazi zao kwa kurasa.

Haya, na nyie mkienda likizo waulizeni wazee wenu kilichomo kwenye vibweta. Tuko pamoja.