Jinja hadi Mbale kwa Ndege Ipi?

Mhariri,

Msomaji wenu huyu amechoshwa na programu za simu zinazowapigia watu hesabu za safari za ndege zisizokuwepo.

Ukiziuliza Jinja hadi Mbale, hujibu bila kusita: kilomita kama 130 angani, chini ya saa moja. Umbali ni sawa. Lakini hakuna ndege ya abiria yenye ratiba kati ya miji hii. Jinja ina kiwanja kidogo. Mbale haina kiwanja cha abiria, na vya jirani ni Tororo na Soroti.

Agosti, msimu wa tohara za imbalu, binamu yake msomaji huyu alitoka Dar es Salaam kuja kushuhudia tohara ya mpwa wake. Aliiamini simu. Alifika Jinja mchana akaulizia ndege, watu wakamcheka. Ikabidi apande takisi, asubiri ijae, kisha Iganga, barabara ya Tirinyi, mto Mpologoma, na vituo visivyokwisha vya kushusha abiria. Aliingia Mbale usiku. Kijana keshatahiriwa, nyama imekwisha (na hilo la nyama ndilo analolilalamikia hadi leo).

Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda itangaze kwa lugha nyepesi viwanja vipi vina safari za abiria na vipi havina. Wenye programu nao waonyeshe muda wa barabarani. Je, wasomaji wa Soroti na Tororo, nanyi yamewapata haya?

Msomaji wenu,
Mbale