Gari nitanunua la Japani, viatu Kariokor

Kila mjadala wa kununua bidhaa za nyumbani unapozuka, vijana ndio hurushiwa mawe. Eti hatuna uzalendo. Eti tunavaa mitumba, tunaendesha magari kuukuu ya Japani na kuagiza kila kitu kwa simu kutoka Uchina. Haya basi, tuambiane ukweli.

Tuanze na gari. Kijana aliyeweka akiba kwa sacco miaka mitatu anatafuta gari la kumfikisha Rongai usiku na kubeba mzigo Jumamosi. Gari jipya lililounganishwa Thika au Mombasa bei yake ni ya kampuni na benki, si yake. Atachukua Probox iliyotumika Japani, mradi haijapitisha ile miaka minane ya sheria. Spea zake zimejaa Kirinyaga Road na kila fundi mtaani anaijua. Huo si usaliti, ni hesabu.

Si kwamba hatujawahi kujaribu. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Nyayo Pioneer ikaonyeshwa kwa mbwembwe Kasarani mwaka 1990, lakini zaidi ya magari machache ya majaribio hakuna lililofika barabarani. Pesa za kuyaunda kwa wingi hazikupatikana. Baadaye ikaja Mobius, gari lisilo na madoido, la barabara zetu mbovu. Agosti 2024 kampuni hiyo ikatangaza kwamba inafunga, kisha akajitokeza mnunuzi. Sasa niulize: wewe ulimwona mheshimiwa gani ndani ya Mobius? Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inatoa upendeleo kwa bidhaa za humu nchini, ilhali wakubwa wanatupita na ving'ora ndani ya V8. Anayetuhubiria aanze na gereji yake.

Kwa nguo mambo ni magumu zaidi. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba pole pole. Marekani ikatishia kutufungia soko lake kupitia AGOA, na Kenya ikalegeza mapema. Rwanda ilikaza, na mwaka 2018 ikapoteza nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru. Kumbuka pia kwamba viwandani Athi River, vijana wenzetu wanashona nguo zinazosafirishwa Marekani. Huenda jinzi uliyoipigania Gikomba asubuhi ya kamera ilishonwa kilomita chache tu kutoka hapo, ikavaliwa ng'ambo, kisha ikarudi kwetu ndani ya balo. Na huwezi kuifunga Gikomba leo bila kumwambia yule mama wa mitumba kesho atalisha watoto na nini.

Lakini hesabu hiyo hiyo inatubana na sisi. Kuna vitu ambavyo hatuna kisingizio. Sofa na vitanda vya Ngong Road vinashinda zile mbao za unga zinazovimba zikimwagikiwa na chai. Na matatu unayoisubiri upande kwa sababu ya michoro na muziki wake, bodi yake imechomelewa na mafundi wa hapa hapa. Hakuna anayewahi kuuliza kama ni ya kigeni. Tunaipenda kwa sababu ni kali.

Mafundi nao wasifikiri bendera itawauzia mali. Mwaka jana nilinunua begi la mgongoni lililoshonwa mtaani. Zipu ilikufa wiki ya pili, na aliyeniuza akanijibu, "Hiyo ni bahati yako, boss." Mteja akijibiwa hivyo mara moja, amekwenda na harudi.

Viatu vya ngozi nilivyonunua Kariokor vilikuwa na hadithi nyingine. Soli ilianza kuachana baada ya miezi minne. Nikavirudisha, nikiwa tayari kwa vita. Fundi akavigeuza, akacheka, akasema, "Gundi hii ilinihadaa," kisha akavishona upya kwa uzi nikingoja kwenye stuli yake. Hakuchukua hata shilingi. Tangu siku hiyo nimewapeleka kwake wenzangu watatu wa kazini, na mmoja wao ameagiza jozi mbili za harusi.