Kigeu, Kigeugeu na Kibadala: Kuhusu Visawe vya Neno "Variable"

Kamusi za Kiswahili kwa kawaida hufafanua kitenzi geuka kwa badilika, na badilika kwa geuka. Mwanafunzi anayetafuta kisawe cha neno la Kiingereza "variable" hutoka katika kamusi hizo akiamini kwamba amepata maneno mawili yenye uzito mmoja, na kuwa uchaguzi baina yake ni suala la ladha tu. Makala haya yanapinga imani hiyo. Mashina hayo mawili hayalingani, na tofauti yake inamhusu mtafiti, mfasiri, na hata mtu wa kawaida anayetia saini mkataba wa mkopo.

Ushahidi ulio wazi zaidi unapatikana jikoni. Mpishi akiambiwa ageuze chapati, ataipindua upande wa pili. Chapati ni ile ile. Akiambiwa aibadilishe, ataiondoa na kuleta nyingine. Vivyo hivyo, fedha za kigeni hubadilishwa. Anayezigeuza anatazama tu upande wa nyuma wa noti. Badili, neno lenye asili ya Kiarabu na lililo ndugu wa badala, huhusu kitu kushika nafasi ya kingine. Geua na geuka huhusu kitu kile kile kinachoonyesha upande mwingine. Ni kweli kwamba mpaka huu huvukwa. Mtu wa hadithini hugeuka jiwe, wala hakuna upande uliopinduliwa. Hata hivyo, msikilizaji huelewa kwamba jiwe lile bado ni yule yule mtu, na ndiyo sababu hadithi huweza kumrudishia ubinadamu wake.

Tofauti hiyo inaeleza pia kwa nini "amenigeuka" ni shutuma. "Amebadilika" yaweza kuwa sifa njema: mlevi aliyeacha pombe amebadilika. "Amenigeuka" haiwezi kuwa sifa kamwe. Rafiki ni yule yule, ila sasa ameonyesha upande aliouficha. Shutuma hukolea shina linaporudiwa. Uradidi katika Kiswahili mara nyingi hutia maana ya tendo lisilo na mwelekeo, kama katika yumbayumba na tangatanga. Hivyo kigeugeu si mtu aliyegeuka, bali ni mtu asiye na upande wa kudumu. Mazungumzo ya kila siku yana visawe vyake tele, navyo havilingani. Ndumilakuwili ana pande mbili kwa wakati mmoja, kigeugeu ana mmoja kila saa, na bendera fuata upepo hana wake mwenyewe. Kiingereza hutumia "variable" kwa upepo, kwa nyota na kwa herufi ya aljebra bila kumtukana yeyote. Kikitaka kumlaumu mtu, hukimbilia "fickle", neno la shina jingine kabisa. Kiswahili hufanya kazi zote mbili kwa shina moja na kuzitenganisha kwa uradidi.

Hapa ndipo hofu ya baadhi ya waundaji wa istilahi inapozaliwa. Wapo wanaoepuka kigeu kwa kuwa eti kinanuka kigeugeu, wakapendelea kibadilika au kibadiliko. Hofu hiyo haina msingi, kwani tusi limo katika uradidi, si katika shina. Aidha, kigeu kinaafiki dhana yenyewe. Katika takwimu, umri hubaki kuwa umri ingawa kwa mhojiwa mmoja ni 19 na kwa mwingine ni 60. Kinachobadilika ni thamani. Kigeu ni kile kile.

Hoja yenye nguvu zaidi inatoka katika isimujamii. Katika utafiti wake wa matamshi ya New York uliochapishwa mwaka 1966, William Labov alichunguza, pamoja na mambo mengine, sauti r inayotamkwa au kudondoshwa baada ya irabu. Pana dhana mbili hapo: kitu kimoja kinachochunguzwa, na namna zake mbili za kujitokeza. Mtafiti wa Mombasa anakutana na jambo hilo hilo pale ambapo msemaji mmoja husema ndia na njia, mato na macho, kutegemea anazungumza na nani. Namna hizo zinazopokezana nafasi ni vibadala, na neno hilo limekaa mahali pake barabara. Kitu chenyewe kikiitwa kibadilika, dhana mbili zinazopaswa kutofautishwa zitakuwa zimefungwa katika shina moja, na msomaji ndiye atakayelipa gharama. Kigeu chenye vibadala viwili ni kauli isiyohitaji tanbihi.

Wanaodhani kwamba Kiswahili hakiwezi kutaja hali ya kutotulia bila lawama wameisahau bahari. Kipindi cha baina ya kaskazi na kusi, pepo zinapokosa msimamo, mabaharia hukiita maleleji, na pia tangambili. Hakuna nahodha aliyeyatumia maneno hayo kuusuta upepo.

Kosa la kinyume, hata hivyo, lina madhara makubwa zaidi. Anayeandika tasnifuni kwamba "majibu ya wahojiwa yalikuwa ya kigeugeu", akikusudia tu kwamba yalitofautiana, amewaita waongo watu waliompa muda wao. Mfasiri wa mahakamani anayeuita ushahidi "wa kigeugeu" amekwisha kutoa nusu ya hukumu.

Limebaki suala la mkopo, ambalo wanaisimu wamewaachia wanasheria bila sababu. Kiingereza huita "variable" riba inayoweza kupanda au kushuka, na neno hilo halisemi ni nani anayeipandisha. Kiswahili hakiruhusu ukimya huo kirahisi. Mfasiri sharti achague baina ya kauli ya kutendeka na ya kutendwa: riba inayobadilika, kana kwamba ni hali ya hewa, au riba inayoweza kubadilishwa, ambayo mara moja humfanya mkopaji aulize inabadilishwa na nani na kwa kufuata kipimo gani. Pale mkataba unapompa mkopeshaji uwezo huo, tafsiri ya kwanza ni laini kwa sikio lakini inaficha mtenda. Ya pili ndiyo inayostahili kuandikwa katika mkataba wa namna hiyo, hata kama mkopeshaji angependelea ile nyingine.