Msaada kwa Mkulima Ufike Kabla ya Mvua

Mkulima aliyekaukiwa na mazao shambani, kisha moto kichaa ukamteketezea malisho na akiba, hawezi kusimama tena kwa gunia la mahindi peke yake. Gunia hilo humvusha wiki chache, naye hulipokea kwa shukrani. Lakini linapokwisha, shamba lake liko palepale bila mbegu, plau yake imelala bila maksai wa kuikokota, na mbuga alikokuwa akilisha mifugo ni majivu matupu. Kumlisha mwenye njaa ni wajibu wa kwanza wa jamii yoyote yenye utu. Kumrudisha shambani kwa wakati ni wajibu wa pili, na huo wa pili ndio unaosahauliwa mara kwa mara.

Neno la kusisitizwa hapa ni wakati. Katika mikoa ya Dodoma na Singida, na katika sehemu kubwa za Tabora, mwaka una msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au mapema Mei. Huko hakuna vuli na masika za kumpa mkulima nafasi ya pili. Mtama uliopandwa kwa mvua za kwanza hukomaa ardhi ikiwa bado na unyevu. Uliochelewa hukutwa na jua ungali unachanua. Kwa hiyo mbegu inayofika wilayani mwezi wa Februari, hata ikiwa bora namna gani, itaonekana katika taarifa kuwa imegawiwa, lakini katika ghala la mkulima haitaonekana kamwe. Wahenga walionya: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Ni vyema watumishi wanaoandaa misaada wayaelewe maisha ya kaya moja ya kawaida katika mwaka wa namna hiyo. Mvua zimekatika mwezi wa Februari na mtama haukujaza. Ifikapo Julai ng'ombe wanaishi kwa mabua na nyasi kavu. Mwezi wa Septemba mtu mmoja anasafisha shamba lake kwa moto siku ya upepo. Moto unamshinda, unavuka korongo lililokauka, unateketeza mabua na malisho, unaunguza mizinga ya nyuki na shamba la mihogo lililokuwa tegemeo la mwisho. Mwenye kaya anawapeleka maksai wake wawili mnadani. Huko anawakuta wenzake wote wamekuja kwa shida hiyohiyo. Bei ya ng'ombe imeanguka na bei ya mahindi imepanda. Anarudi nyumbani na madebe machache ya nafaka, na mbegu iliyokuwa imetunzwa juu ya meko imekwisha kuliwa.

Mvua inaponyesha Desemba, familia hiyo haina cha kula wala cha kupanda. Mume na mke wanakwenda kufanya kibarua katika mashamba ya wenye nafasi, wakilima na kupalilia kwa malipo ya chakula cha siku. Shamba lao wenyewe linapandwa mwisho na kupaliliwa mwisho. Mavuno yanapokuja, sehemu yake imekwisha kuahidiwa mwenye duka aliyewakopesha. Hivyo ndivyo ukame wa mwaka mmoja unavyozaa njaa ya miaka miwili au mitatu, hata pale ambapo mvua za mwaka uliofuata zilikuwa nzuri. Anayewatazama watu hao kwa mbali husema kuwa ni wavivu. Ukweli ni kwamba wamefanya kazi kutwa nzima kwa msimu mzima, ila wameifanya katika shamba la mtu mwingine.

Historia ya nchi hii inalithibitisha jambo hilo. Wazee wa Ugogo walisimulia habari za njaa kuu iliyoitwa Mtunya, iliyowapata kati ya mwaka 1917 na 1920. Ni kweli kwamba mvua zilikosekana. Lakini Wagogo walikuwa watu waliozoea ukame tangu enzi za mababu, nao walikuwa na njia zao za kuuvuka: kuweka nafaka, kugawana ng'ombe kwa ndugu na marafiki wa mbali, na kubadilishana mifugo kwa chakula. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua na wanaume wa kubeba mizigo. Ukame uliikuta nchi iliyokwisha kunyang'anywa akiba yake. Mvua ikikosekana mahali penye akiba huleta dhiki. Mahali pasipo na akiba huleta maafa.

Ukame wa mwaka 1973 na 1974 uliilazimisha Serikali kutumia fedha nyingi za kigeni kuagiza nafaka kutoka nje, na wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona ukatolewa kwa wananchi wote, hata kwa wafanyakazi wa mijini. Wengi waliozoea kalamu walishika jembe. Miaka mingi baadaye, ukame wa mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 uliua maelfu ya mifugo katika mikoa ya kaskazini, na wafugaji wa Simanjiro walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Miaka hiyo inatofautiana kwa mengi, lakini inafanana kwa jambo moja: ukame hurudi. Taifa linalojua kwamba ukame utarudi halina udhuru wa kuanza kuandaa msaada siku mizoga inapoonekana barabarani.

Msaada unaomrudisha mkulima shambani una sehemu zake, na kila sehemu ina mwezi wake. Ya kwanza ni mbegu. Watafiti wa kilimo wa nchi hii wamekwisha kutoa mbegu za mtama na uwele zinazokomaa mapema na kustahimili ukame. Baadhi yake walizipa majina yanayoeleza zilikusudiwa nini: Tegemeo, Okoa, Shibe. Faida yake nyingine ni kwamba mkulima anaweza kuchagua masuke bora na kuhifadhi mbegu ya mwaka ujao, tofauti na mahindi chotara ambayo nguvu yake hupungua yakipandwa tena. Kumgawia chotara mkulima wa Bahi au Manyoni aliyepoteza kila kitu ni kumfanya aje kuomba tena mwakani. Isitoshe, utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora unawaruhusu wakulima wenyewe kuzalisha mbegu vijijini chini ya ukaguzi. Kijiji chenye kikundi kimoja tu cha wazalishaji wa mbegu kinaweza kupona haraka kuliko kijiji kinachongoja lori. Ni kweli kwamba mtama na uwele huandamwa na kweleakwelea. Kwa hiyo mipango ya mbegu iende pamoja na mipango ya kupambana na ndege hao, la sivyo mkulima atarudi kwenye mahindi kwa kukata tamaa.

Sehemu ya pili ni chakula cha wakati wa kilimo. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanzishwa mwaka 2008, umekuwa ukipeleka mahindi ya bei nafuu katika wilaya zenye upungufu. Kazi hiyo ni ya kupongezwa. Lakini mahindi yanayofika Desemba na Januari yana thamani mara mbili, kwa sababu yanamwezesha mkulima kubaki katika shamba lake badala ya kwenda kwenye kibarua. Vivyo hivyo kazi za muda za kujipatia kipato, kama vile kuchimba malambo, kutengeneza barabara na kulima njia za kuzuia moto, zifanyike wakati wa kiangazi. Kumwita mkulima achimbe lambo wiki ya kupanda ni kumpa kwa mkono wa kulia na kumnyang'anya kwa mkono wa kushoto.

Sehemu ya tatu ni nguvu ya kulimia na malisho. Jozi moja ya maksai ikikopeshwa kwa kikundi cha kaya kadhaa, kwa zamu inayojulikana, huokoa ekari nyingi kuliko hotuba nyingi. Wafugaji nao wahimizwe kuuza sehemu ya mifugo mapema, wakati bei bado nzuri, na waelezwe kwamba ng'ombe aliyedhoofika hufa pale mvua baridi za kwanza zinapomnyeshea, sikwambii anaporudishwa haraka kwenye mbuga iliyoungua. Ardhi iliyounguzwa inahitaji kupumzishwa ili nyasi zirudi.

Katika jambo la malisho hakuna haja ya kutafuta mfano ng'ambo. Shinyanga ya miaka ya themanini, kabla ya sehemu yake kuingia katika Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, ilikuwa imekwisha kufananishwa na jangwa. Miti ilikuwa imefyekwa kwa ajili ya kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, na mifugo ilizidi uwezo wa ardhi. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ulifanikiwa pale ulipoacha kuwafundisha Wasukuma mambo mageni na kuanza kufufua desturi yao wenyewe ya ngitili, yaani kutenga eneo la nyasi na miti lisilolishwa wakati wa mvua ili liwe akiba ya kiangazi. Katika muda wa chini ya miaka ishirini zaidi ya hekta 300,000 zilirejeshwa. Sheria za kuzilinda zilitungwa katika dagashida, baraza la wananchi wenyewe, na sungusungu walizisimamia. Aliyeingiza ng'ombe au moto katika ngitili ya mwenzake alijibu mbele ya kijiji.

Hapo ndipo suala la moto linapopata ufumbuzi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inazuia kuchoma moto mapori bila kibali na bila tahadhari, lakini sheria iliyo kabatini haizimi moto. Kila mwaka, kati ya Juni na Oktoba, wapo wanaochoma kwa kusafisha mashamba, wapo warina asali, wapo wawindaji na wachoma mkaa, wapo wafugaji wanaotaka majani mabichi. Wapo hata wanaoamini kwamba moto ukienda mbali aliyeuwasha ataishi miaka mingi. Ukweli ni kinyume: moto huo hufupisha maisha ya mtoto wa jirani yake. Mikutano ya vijiji iamue mapema, mwezi wa Mei, ni wapi njia za kuzuia moto zitalimwa, nani atalinda zamu, na aliyeunguza atalipa nini. Msaada wowote unaopelekwa kijijini bila maamuzi hayo ni sawa na kujaza maji kwenye mtungi uliotoboka.

Yote hayo yanategemea watumishi wa umma kuliko inavyokubaliwa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka wajibu wa kukabili maafa katika ngazi za utawala, lakini kamati hufanya kazi kwa taarifa, na taarifa huandikwa na mtu. Ofisa ugani anayekadiria mavuno akiwa ofisini, mtendaji anayejaza majina ya jamaa zake katika orodha ya wahitaji, karani anayeacha hati ya mbegu ikingoja sahihi kwa wiki tatu: hakuna hata mmoja kati yao anayefikiri kwamba ameleta njaa. Lakini wiki hizo tatu ndizo zilizokuwa wiki za kupanda. Tathmini ya mavuno ikamilike Juni, orodha ya wahitaji isomwe hadharani mbele ya mkutano wa kijiji, na mbegu iwe ghalani kijijini kabla Oktoba haijaisha. Urasimu usiojua kalenda ya mvua ni ukame wa pili.

Walimu nao wana nafasi ya pekee. Kabla njaa haijafika kwenye takwimu za wilaya, imekwisha kufika katika daftari la mahudhurio. Mwalimu ndiye wa kwanza kuona viti vilivyo wazi, watoto wanaosinzia saa nne, wasichana wanaoacha shule kwenda kutafuta maji na kazi za nyumbani mijini. Daftari hilo lisomwe kama kengele ya hatari, na mwalimu mkuu asingoje kuulizwa ndipo atoe habari kwa serikali ya kijiji. Shamba la shule, lililosisitizwa na siasa ya Elimu ya Kujitegemea tangu mwaka 1967, linaweza kuwa shamba la mbegu la kijiji, mahali ambapo mtoto anajifunza kuchagua suke na mzazi anakuja kuchukua kibaba cha kuanzia.

Wapo watakaosema kwamba misaada inamlemaza mkulima na kuua moyo wa kujitegemea. Hoja hiyo inastahili jibu. Azimio la Arusha lilitaja mambo manne yanayohitajika ili nchi iendelee: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Mkulima wa nyanda kame amekwisha kuleta mawili ya kwanza. Ardhi yake ipo, na mikono yake ipo, hata ikiwa imepungua nguvu kwa njaa. Kumpa mbegu Oktoba si kumlemaza. Kinachomlemaza ni kumwacha akose kupanda, kisha kumletea unga Machi, mwaka baada ya mwaka, hadi ajifunze kungoja.

Akiba haiozi, na mkulima aliyesaidiwa kwa wakati ndiye atakayeijaza tena ghala la kaya, la kijiji na la Taifa. Mawingu hayangoji vikao. Kila mtumishi mwenye faili la mkulima mezani mwake na alifungue leo, alimalize, na alipeleke linakotakiwa kwenda.